Cheti Kilichozaliwa Februari

Kilichoibwa hakikuacha pengo. Mlango wa chumba ulikuwa na kufuli yake, dirisha lilikuwa na vyuma vyake vyote, na seva yenyewe, kisanduku cheusi kilichotoshana na sanduku la mwanafunzi wa bweni, ilikuwa ikiwasha taa zake za kijani bila wasiwasi. Inspekta Chepkemei aliitazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyeambiwa ni mgonjwa, na ng'ombe mwenyewe anacheua.

"Kumeibwa nini hapa?" aliuliza.

"Folda," alijibu Kizito. "Folda yote ya vyeti na funguo zake za siri. Imefutwa. Barua pepe za ushirika mzima zimekufa, Madam. Kitale, Bungoma, Tongaren, mpaka Suam."

Ilikuwa Jumatano, saa tatu na nusu asubuhi, ile wiki ya mwisho ya Machi ambayo kila mtu huku ana udongo kwenye viatu. Ushirika wa Mbegu wa Nzoia Juu ulikuwa na makao yake Kitale na ofisi kubwa Bungoma. Kizito ndiye aliyeufungia mtambo wa barua pepe miaka mitatu iliyopita, kisha akapandishwa cheo akaenda kusimamia Bungoma. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali. Hakuna aliyemwita kwa jina. Wote walimwita Injinia.

Alimpa Inspekta karatasi iliyochapishwa kutoka kwenye seva. Mstari mmoja ulikuwa umepigwa kalamu nyekundu. Ulisema kwamba leo, saa moja na dakika tano asubuhi, mtu mwenye jina Phelista aliingia kwenye seva. Dakika sita baadaye folda haikuwepo tena.

"Huyu Phelista ni nani?"

Aliyejibu ni Mzee Wekoye, mwenyekiti wa ushirika, ambaye alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na kofia yake magotini. Phelista Nakhumicha, alisema, aliajiriwa kupiga deki na kuchemsha chai. Msichana mpole, mtu wa kuangalia. Injinia alipokuwa akifunga mitambo, yeye alisimama kando na ndoo yake akitazama, siku baada ya siku, mpaka akawa anajua waya gani unaenda wapi. Injinia alipohamishwa, chumba kiliachiwa yeye. Sasa polisi walikuwa wamemchukua tangu saa tatu, aliposhuka tu kutoka kwenye lori la mbegu.

"Amesoma wapi?"

"Darasa la nane," Kizito alisema kabla mzee hajafungua mdomo. "Nilisema tangu mwanzo, Mzee. Hii si kazi ya kuonja kama mboga."

Mzee aliigeuza kofia yake.

Habari yenyewe ilianza jana yake. Jumanne saa tisa alasiri, ofisi ya Bungoma ilikuwa na wageni, wakaguzi wa mbegu, na ripoti ya kuota kwa mahindi ilikuwa itumwe kwa barua pepe mbele ya macho yao. Karani alibonyeza, kompyuta ikakataa. Ikaandika kwamba cheti cha seva kimepitwa na siku na haiwezi kuiamini. Karani akajaribu tena, ikakataa tena. Mzee Wekoye alisema hajawahi kuona aibu kama ile tangu azaliwe. Hapo ndipo Injinia alipoinuka mbele ya wageni na kusema kosa ni la yule msichana wa Kitale, amelala, hakuhuisha cheti.

Siku hiyo msichana mwenyewe alikuwa Suam, akirekebisha intaneti ya kituo cha kununulia mahindi. Aliporudi mjini jioni, Mzee alimpigia simu akamwambia asiguse chochote. Kamati ingekaa Jumatano saa nne, na Injinia angeleta karatasi zote kutoka ndani ya seva ili watu waone nani alilala.

"Na akaamka akafuta ushahidi," Kizito alimalizia. "Hesabu rahisi."

Inspekta Chepkemei aliikunja karatasi. Kabla hajaikunja alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wake wa kulia, mara mbili, kisha akaitia mfukoni.

*

Sheria ilikuwa inasema wazi: kesho saa tatu asubuhi Phelista afikishwe mahakamani au aachiliwe. Sajini Mukhisa, aliyekuwa zamu kituo cha Kitale, alikuwa tayari anaandaa hati ya mashtaka. Inspekta alimwambia aweke kalamu chini kwanza. Alijua mji ule. Mtu akishasomewa shtaka la kuharibu kompyuta, hata akishinda kesi, hakuna atakayempa tena hata kibodi apanguse vumbi.

Phelista aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa na miaka ishirini na mitano hivi, mwembamba, bado ana vumbi jeupe la dawa ya mbegu kwenye mikono ya sweta. Hakulia. Aliketi akiwa amenyooka, akaangalia saa ya ukutani, kisha Inspekta, kisha mlango, kama mtu anayehesabu vitu ili baadaye ajue kilichohama.

"Unajua kwa nini uko hapa?"

"Najua chenye wanasema."

"Leo saa moja na dakika tano ulikuwa wapi?"

"Tongaren. Nilikuwa nashukisha mbegu na Mama Rispah, mwenye anapokea mizigo huko. Msimu wa kupanda kila mtu wa ofisi anapanda lori kwa zamu, leo ilikuwa yangu."

"Rispah alitia sahihi ya kupokea?"

"Alitia. Saa moja kasoro kumi tulifika, saa moja na nusu tukatoka."

"Lakini una simu."

"Niko nayo."

"Si ungeweza kuingia kwenye seva kwa simu, ukiwa juu ya magunia?"

Phelista alifikiri. Hakukimbilia kujibu, na jambo hilo Inspekta alilipenda.

"Ningeweza," alisema. "Sitakudanganya, Afande. Lakini kuingia kunaacha alama ya mahali umetokea. Hiyo alama mmeisoma?"

Inspekta alitoa karatasi, akaikunjua mezani. Msichana aliiinamia muda mrefu, mikono nyuma, bila kuigusa.

"Hii imekatwa," alisema. "Karatasi ya printa yetu ni pana kuliko hii. Upande wa kulia ndiyo kuna namba ya laini ya intaneti ya mwenye ameingia. Huku kumepita makasi."

"Nimeona," Inspekta alisema. "Nilitaka kujua kama na wewe utaona."

Kwa mara ya kwanza Phelista alimtazama machoni.

"Niambie kuhusu cheti. Niambie kama unamwambia mtu wa shamba. Mimi nimetoka juu huko mlimani, baba yangu alikuwa analima viazi."

Basi Phelista alimweleza, polepole, na kadiri alivyoeleza mgongo wake ulizidi kunyooka. Cheti, alisema, ni kitambulisho cha seva. Simu ikija kuchukua barua huuliza kwanza, wewe ni nani? Seva inaonyesha cheti. Kikiwa kizima, mlango unafunguliwa. Kikiwa kimepita siku zake, simu inarudi nyuma. Cheti kimoja kinaishi siku tisini. Lakini hakingojwi kifike huko. Kikifika siku sitini, kuna programu ndogo ndani ya seva inakwenda yenyewe kuomba kipya na kukiweka kwenye folda.

"Yenyewe? Bila wewe?"

"Injinia aliifunga hivyo. Aliniambia, usiiguse, inajifanya yenyewe. Na kweli, miaka mitatu haijawahi kutuangusha."

"Sasa mbona jana imeanguka? Hiyo programu haikuomba kipya?"

"Iliomba," Phelista alisema. "Februari, tarehe ishirini na mbili. Niliona kimeingia, nikaandika."

"Uliandika wapi?"

"Kwa daftari langu. Iko kwa droo chini ya zile betri. Lilete, halafu uniulize tena."

Sajini Mukhisa, aliyesimama mlangoni, alikohoa kidogo. Mshukiwa kumtuma Inspekta hakukuwa jambo alilolizoea. Inspekta alimtuma yeye.

*

Lilikuwa daftari la jalada gumu, lile refu la maduka ya jumla, na ndani yake kulikuwa na miaka mitatu. Kila siku ilikuwa na mstari wake, kwa mwandiko wa duara wa shule ya msingi. Nani aliingia chumbani. Joto lilikuwaje. Panya ameonekana. Na zaidi ya yote, stima, yaani umeme: imepotea saa ngapi, imerudi saa ngapi, seva imeamka saa ngapi. Hakuna mtu aliyewahi kumwagiza aandike hayo.

Tarehe 22 Februari ilikuwa pale: *Cheti kipya kimeingia. Usiku haukuwa na shida.*

"Shida ni kwamba hili ni neno lako," Inspekta alisema. "Folda imefutwa. Injinia atasema uliandika leo ndani ya lori."

Phelista alikubali kwa kichwa. Alijua.

Inspekta alitoka nje, akampigia Kang'ethe, konstebo wa kitengo cha uhalifu wa mitandaoni kule Nairobi, kijana wa maneno machache. Mzee Wekoye alikuwa na nywila kuu ya seva ndani ya bahasha kwenye sefu, na alipoombwa aliitoa mwenyewe, akaisoma kwa simu herufi moja moja kama mtu anayesoma Zaburi. Baada ya nusu saa Kang'ethe alirudisha simu. Alikuwa na mambo mawili.

La kwanza: rekodi za kuingia zilikuwa bado zipo. Mhalifu hakuzifuta, na sababu ilikuwa wazi, maana angezifuta, jina la Phelista lingefutika pamoja nazo. Mstari ule wa saa moja na dakika tano ulikuwa mzima, na namba yake ya upande wa kulia ilikuwa laini ya waya ya ofisi ya Bungoma. Mtu mwenye simu Tongaren hawezi kuwa na namba ile. Aliyeingia alikuwa ndani ya jengo.

La pili lilimfanya Inspekta aketi kwenye ngazi za kituo.

"Hakuna cheti kinachotolewa kimyakimya, Madam," Kang'ethe alisema. "Kila kimoja kinaandikwa kwa rejista ya wazi. Iko kwa mtandao, dunia nzima inasoma. Ni kama kuzaliwa, lazima uandikishwe. Huyo msichana akifuta, ama mtu mwingine akifuta, rejista haifutiki."

"Na chetu kimeandikwa?"

"Cheti kipya cha ushirika kilitolewa Februari, tarehe ishirini na mbili."

Kang'ethe alimsomea na tarehe za vyeti vya nyuma, ndipo Inspekta akakata simu, akarudi ndani na zote zimeandikwa kwenye kiganja. Alimwambia Phelista yote mawili. Kisha akaweka daftari katikati ya meza.

"Kwa hiyo wewe hukulala," alisema. "Cheti kipya kilikuwa ndani ya nyumba mwezi mzima. Lakini jana seva ilikuwa bado inaonyesha kile kizee. Kwa nini?"

Walisoma pamoja, vichwa vimekaribiana. Inspekta alitaja tarehe ya cheti kutoka kwenye kiganja, Phelista akaitafuta kwenye daftari. Oktoba ishirini na tano, cheti. Oktoba ishirini na tisa, stima imepotea, seva imezima, imeamka. Desemba ishirini na nne, cheti. Desemba ishirini na saba, stima imepotea, seva imezima, imeamka. Walirudi nyuma mwaka, wakarudi miaka miwili. Kila mara ilikuwa hivyo hivyo: cheti, halafu siku tatu, nne, tano, giza.

Kidole cha Phelista kilisimama.

"Januari tarehe kumi tuliwekewa betri za sola," alisema. "Kutoka hapo seva haijazima hata siku moja."

"Endelea."

"Seva ikiamka ndiyo inasoma folda. Ikiwa macho haisomi tena, inashika kile cheti ilichoamka nacho. Lazima mtu aiambie, kuna kipya, chukua. Hiyo amri ni mstari mmoja tu, unaandikwa siku ile mtambo unafungwa." Aliinua kidole kutoka kwenye daftari. "Injinia hakuuandika. Miaka yote mitatu stima ikipotea ndiyo ilikuwa inatufanyia hiyo kazi."

Sajini Mukhisa aliacha mlango akaja kusimama mezani.

"Ati kupotea kwa stima kulikuwa kunasaidia?" alisema. "Hiyo nayo ni mpya, bana."

Inspekta alikuwa anamtazama yule msichana aliyetoka seli, mwenye dawa ya mbegu mikononi, aliyefungua kwa daftari la dukani jambo ambalo mtaalamu wa Nairobi hakuligusa, na akajisikia fahari ya ajabu, kama mtu anayeona mtoto wa kwao akipita mbele ya jukwaa.

*

Bungoma walifika kabla ya saa nane. Langoni mwa ofisi alikuwa Makokha, mlinzi mzee mwenye koti la jeshi. Inspekta alimsalimu kwa heshima, akamuuliza kama usiku ulikuwa mwema na kama mvua ilimpata, ndipo akamuuliza ni nani alifungua ofisi asubuhi.

"Ni Injinia, mayi," Makokha alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Alikuja mapema sana. Mimi hata chai nilikuwa sijakunywa. Nikashangaa, kwa sababu huyo mtu huwa anakuja saa tatu."

"Aliingia peke yake?"

"Peke yake. Akafunga mlango na ndani. Akatoka kama dakika ishirini hivi, akawasha gari, akashika barabara ya Kitale. Hata hakunisalimia, na huwa ananisalimia."

Ndani, kwenye ukuta wa mapokezi, kulikuwa na ubao mweupe wenye maandishi ya kalamu ya bluu: MITAMBO YETU HAIJAZIMA KWA SIKU 73. Tarakimu ilikuwa inafutwa na kuandikwa upya kila asubuhi. Leo haikuwa imebadilishwa.

Kizito, aliyekuwa amerudi Bungoma kamati ilipoahirishwa, aliwakaribisha ofisini kwake, akawaagizia chai. Nyuma yake ukuta ulijaa vyeti vya masomo ndani ya vioo. Inspekta alikataa chai, akavuta kiti.

"Injinia, leo asubuhi ulipitia wapi kabla ya kuja Kitale?"

"Nilitoka nyumbani moja kwa moja."

"Hukupita hapa?"

"Sikupita."

"Mlinzi anasema ulipita."

Kizito alicheka kidogo. "Makokha? Yule mzee anachanganya hata siku za juma."

"Laini yako ya intaneti nayo inachanganya?"

Inspekta alitoa karatasi ile ya Kizito, akailaza mezani. Kando yake akalaza nyingine, pana, ambayo Kang'ethe alikuwa amemtumia na akaichapisha kituoni. Mistari ilikuwa ile ile. Ila hii ya pili ilikuwa na upande wake wa kulia.

Kizito hakuzitazama. Alimtazama Sajini Mukhisa, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Phelista amewahi kuja hapa," alisema. "Anaweza kuwa na ufunguo."

"Alikuwa Tongaren. Rispah ametia sahihi, dereva amethibitisha, na watu kumi na wawili walibeba magunia pamoja naye."

"Basi sijui."

"Nywila yake alipewa na nani?"

Kizito alirekebisha miwani yake.

"Injinia?"

"Mimi ndiye niliitengeneza."

"Na ukamkataza kuibadilisha."

"Ndiyo utaratibu."

Inspekta alimwambia kwamba ana haki ya kunyamaza, na kwamba akitaka kusema, maelezo yake kamili yataandikwa mbele ya mkuu wa kituo. Kisha akasema jambo moja limemsumbua njia nzima kutoka Kitale. Mwizi huchukua kitu chenye faida kwake. Phelista angefaidika nini kufuta cheti cha Februari? Kile cheti kilikuwa shahidi wake. Kilikuwa na tarehe yake ya kuzaliwa juu, na tarehe hiyo ilisema kwamba hakulala. Aliyehitaji kife ni mtu mwingine. Ni yule aliyesimama jana mbele ya wageni akasema hakipo.

Alifungua daftari la jalada gumu, akaligeuza limuelekee Kizito.

"Soma mistari ya stima," alisema. "Nimepigia alama."

Kizito alisoma. Mwanzoni alisoma kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Kufikia Oktoba midomo yake ilikuwa inacheza. Kufikia Januari alivua miwani, akaiweka juu ya karatasi, na mkono wake ukabaki hapo hapo.

"Aliandika kila siku?" aliuliza.

"Kila siku."

"Hakuna mtu alimwambia aandike."

"Hakuna."

Nje kulikuwa na mtu anauza mihogo, anaita wateja kwa jina.

"Jana nilisema tu," Kizito alianza, na sauti yake ilikuwa imepoteza pasi yote. "Mzee alinigeukia mbele ya wale watu, akasema, Injinia, hii ni nini? Na mimi nikasema jina la kwanza lililokuja. Sikujua, Madam. Nilidhani kweli amezembea. Ndipo leo asubuhi nikaja kutoa karatasi za kamati. Nikafungua folda. Nikaona cheti kipya kimelala pale, kizuri, cha tangu Februari. Nikaelewa palepale."

"Ukaelewa nini?"

"Kwamba nilisahau mstari mmoja. Miaka mitatu iliyopita. Mstari mmoja wa kuiambia seva isome upya."

"Si ungeuandika tu? Barua zingerudi, kamati ingefurahi."

"Kamati ingeuliza cheti ni cha lini. Mzee si mjinga. Angesoma Februari, angeuliza, sasa msichana alikosa wapi? Na jibu ni mimi." Aliinua macho akatazama vyeti vyake ukutani. "Unajua kwetu Matulo mama yangu anaitwaje kanisani? Mama Injinia. Ana kiti chake mbele. Hizo betri ni mimi nilipigania ziletwe. Huo ubao ni mimi niliweka. Nije nisimame niseme nini? Ati sifa zangu zote ni stima ilikuwa inapotea? Ati siku nilipozuia isipotee ndiyo mtambo wangu ukaanguka?"

"Kwa hiyo ukatumia jina lake."

"Nilijua wataamini. Mtu wa darasa la nane..."

"Njia ya mwongo ni fupi, Injinia," Inspekta alisema bila ukali. "Yako haikufika hata Kitale."

Alimwambia makosa yake kwa utaratibu: kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, kuharibu data, kumpa afisa wa polisi taarifa ya uongo. Kizito alisimama mwenyewe, akanyoosha mikono. Alipopita mapokezi aliinamisha uso mbele ya ule ubao wa siku sabini na tatu, akatoka nje kwenye jua. Makokha alifungua lango, akavua kofia, kwa kuwa hakujua mtu afanye nini kingine.

*

Kituoni Kitale Mzee Wekoye alikuwa anangoja kwenye benchi la nje. Inspekta alimweleza akiwa amesimama, tangu mstari uliosahaulika mpaka makasi. Mzee alisikiliza na kichwa chini. Aliuliza swali moja tu, kama ni kweli msichana ndiye aliyeifumbua. Aliambiwa ni kweli, na kwamba Kang'ethe wa Nairobi ameomba nakala ya daftari lake awaonyeshe wenzake.

Phelista alitolewa seli. Mzee aliinuka upesi kuliko umri wake.

"Mwanangu," alisema, "nilikukosea. Nilimsikiliza mwenye shati."

"Nimesikia, Mzee," Phelista alisema. Hakusema, "Si kitu."

Mzee alimwomba, kama ana nguvu, waende ofisini sasa hivi airudishe barua pepe, wakulima wanangoja. Phelista alisema ataenda. Ataomba cheti kingine, ni dakika mbili, kisha ataandika ule mstari unaokosekana, na kabla ya yote atabadilisha nywila yake. Lakini kwanza amalize hapa.

Sajini Mukhisa alikuwa amefungua kitabu cha matukio ili aandike kuachiliwa kwake. Aliandika tarehe, akaandika jina, akafika kwenye kazi.

"Kazi?"

"Weka ni mtu wetu wa ofisi," Mzee Wekoye alisema. "Msaidizi."

"Hapana," Phelista alisema. Hakupandisha sauti. "Andika fundi wa seva."

Kalamu ya Sajini ilibaki hewani. Alimwangalia Mzee. Mzee aliigeuza kofia yake mara moja, mara mbili, kisha akaivaa.

"Andika hivyo," alisema. "Na barua ya kazi nitaitia sahihi kesho iseme hivyo hivyo."

Sajini aliandika. Alipiga mstari chini, akakigeuza kitabu na kumpa Phelista kalamu. Inspekta Chepkemei, aliyekuwa ameegemea mlango, alimwona msichana hatii sahihi. Alikuwa anasoma. Alisoma mstari wote tangu mwanzo, neno kwa neno, kidole kikifuata, akarudia.

"Afande," alimwambia Sajini, "hapa umeweka saa kumi na moja. Ni saa kumi na moja na dakika nane."

Sajini Mukhisa aliangalia saa ya ukutani. Akachukua kalamu, akakata, akasahihisha, akaweka herufi za jina lake pembeni kama kanuni inavyotaka.

Ndipo Phelista Nakhumicha akatia sahihi.